Kituo Alichokifuta Crisanto

Ligaya alikuwa akiamkia hewa. Crisanto aligeuka kutoka kwenye kompyuta yake akamwona bintiye wa miaka sita kasimama mlangoni, kainama, anagusisha kitu kisichoonekana kwenye paji lake la uso, kama watoto wa Lucena, kwao Ufilipino, wanavyoupokea mkono wa mkubwa.

"Shikamoo, babu." Akasogea hatua moja. "Shikamoo, mama."

"We Ligaya, unamwamkia nani?"

"Wageni, baba. Wamejaa mpaka jikoni. Mikono yao ya baridi!"

Crisanto alijichekesha. Nyumba ilinuka mishumaa na maua yaliyolala majini, naye hakuwa na ua hata moja.

Kesho yake mtoto aliwaka homa mwili mzima, isipokuwa paji la uso. Hilo lilikuwa baridi kama chupa ya friji, na kila alipoamkia lilizidi kupoa. Daktari hakuona kitu. Akaitwa Bibi Sepa, mganga wa mtaa, akadondosha nta kwenye beseni la maji, akaikodolea macho.

"Umetoka matangani ukaja moja kwa moja nyumbani?" alinong'ona.

"Sijaenda msiba wowote, bibi."

"Basi hawa maiti kumi na wawili kakuletea nani?"

Crisanto aliigeukia kompyuta yake. Ramani ya mchezo wa kompyuta aliokuwa akiutengeneza! Alikuwa ameichora nyumba hii hii, chumba kwa chumba, na kumpa mchezaji majukumu: andika jina la marehemu wako, kesha naye, rudi nyumbani. Kabla ya kurudi palikuwa na kituo kwenye duka la mikate, ili marehemu apotezwe njiani asimfuate mtu nyumbani, kama kila mtu wa Lucena afanyavyo akitoka msibani. Wachezaji walilalamika kwamba kinawachelewesha, naye akakifuta. Kumi na wawili walikuwa wameshamaliza bila kukipitia.

"Watoe kwa njia uliyowaletea," alisema Bibi Sepa. "Fanya haraka, baba. Paji likiganda tumemkosa mtoto."

Akaandika jukumu jipya: mchukue mgeni wako, pitia dukani, mfikishe kwao. Akawabembeleza wachezaji wake warudie, na kila mmoja alipomaliza, nyayo ziliburuzika sebuleni, mlango ukafunguka wenyewe na kujifunga, harufu ya nta ikapungua kidogo, mpaka nyayo za mgeni wa kumi na moja zilipotoka, na Ligaya akaomba uji wa mchele.

"Bado mmoja," alisema Bibi Sepa. "Wa nani huyo?"

Crisanto alijua. Mchezaji wa kwanza baada ya kituo kufutwa alikuwa yeye, na jina aliloandika ni la mama yake, maana alikuwa amemkumbuka mno. Akamchukua, akampitisha dukani, akamfikisha makaburini. Jukumu likagoma kukamilika. Mshale wa njia ukageuka, ukaelekeza nyuma, kwenye nyumba aliyoijenga mama yule, akaishi humo miaka arobaini, akafia humo, na ambamo sasa Ligaya alikuwa ameshuka kitandani, ameinama.

"Shikamoo, bibi."

Nyuma ya kiti cha Crisanto, sauti aliyoililia mwaka mzima ikajibu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Niamkie tena."