Mwili Uliosahauliwa Ndani ya Gauni

Giza lilikuwa linaanza kuingia Fundi alipopanga foleni dirishani kwa muuza dawa. Alikuja kununua dawa ya koo ya mdogo wake, basi, na alikuwa amevaa kandambili za kuogea kwa sababu hakukusudia kukawia. Mbele yake mzee mmoja alikuwa akibishana kuhusu vidonge vya presha kana kwamba ananunua ng'ombe. Simu ikatetemeka mkononi mwa Fundi. Ulikuwa ujumbe wa mteja wake wa mtandaoni.

"Kola imemkaa vizuri. Ila bado anakohoa."

Fundi aliusoma mara mbili. Mara ya tatu aliusoma midomo ikicheza.

Nani anakohoa?

Avata hazikohoi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alikuwa mshonaji wa kweli, miaka kumi na minne kwenye cherehani, vidole vimejaa alama za sindano. Lakini tangu mwaka uliopita alikuwa na kazi ya pili, ya kwenye laptopu: kuzishonea nguo avata, wale watu wa kwenye skrini ambao wenyewe huwavalisha na kuwatembeza katika mji wa mtandaoni. Mji huo hauna vumbi wala mvua, lakini watu wake wanashindana kuvaa kuliko walioalikwa harusini. Mtu anashinda nyumbani na kaptula moja iliyotoboka, avata yake ina majoho kumi na mawili. Mwanzoni Fundi aliwacheka sana. Alipoona wanavyoagiza, akaacha kucheka akaanza kushona.

Mteja huyu hakuwa na picha wala jina, alama ya nukta tu. Miezi miwili iliyopita aliagiza gauni la bluu, akalipata, akashukuru kwa adabu. Kisha yakaanza marekebisho. "Ongeza mikono, anasikia baridi." Baadaye, "Bana kiuno, amekonda." Na wiki hii, "Weka kola ndefu, shingo inamwasha." Fundi aliyaona ni mapenzi ya mtu na avata yake, maana wapo wanaozisherehekea hadi siku ya kuzaliwa. Akarefusha, akabana, akaweka kola.

Sasa, pale dirishani, alirudi nyuma kwenye ujumbe mmoja baada ya mwingine akitazama tarehe. Wa baridi ulikuja Alhamisi. Ijumaa yake mdogo wake aliomba sweta, jua linachoma. Wa kukonda ulikuja mwanzo wa mwezi, na siku mbili baadaye mdogo wake alikuwa akishikilia sketi kwa pini. Wa shingo ulikuja Jumamosi. Jumapili mtoto wa watu aliamka hana sauti.

Kila mara ujumbe ulitangulia. Ugonjwa ulifuata.

"Dada, unachukua dawa au unanitazama tu?" muuza dawa aliuliza.

Nyumbani alimkuta mdogo wake kitini, amejifunika shuka hadi kidevuni. Walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akiongea toka alfajiri na akiishiwa maneno anaimba, tena vibaya. Sasa alikuwa anaandika kwenye karatasi. *Umechelewa*, aliandika, akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi. Pembeni yake mchumba wake, fundi simu, alikuwa ameshika bakuli la uji na kijiko, anambembeleza.

Fundi alimtazama yule kijana kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo. Mtu wa simu, anajua mambo ya mitandao. Anaingia na kutoka humu ndani kila siku.

"Shemeji, hebu njoo nje kidogo."

Walisimama kibarazani. Fundi alinong'ona. "Nani mwingine anajua kwamba Chiriku anakohoa?"

"Mtaa mzima, shemeji. Jana jirani alikuja kuuliza kama tumeanza kufuga mbuzi."

"Sitanii. Wewe huna akaunti kule mtandaoni? Si wewe unayeniagizia nguo unichezee?"

"Mimi?" Kijana alijitazama, fulana imefifia, suruali ya kazini. "Mimi nguo zangu bado ananichagulia mama. Kuna nini?"

Fundi akampa simu, asome mwenyewe. Alisoma taratibu. Kicheko kikamwisha usoni, na hilo ndilo lililomtuliza Fundi, kwa sababu mtu mwenye hila asingepauka vile.

"Unamtumia nini huyu mtu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nguo."

"Nguo peke yake?"

"Peke yake, ndiyo. Nitume na nini?"

"Umehakikisha?"

Fundi alifungua mdomo amjibu kwa ukali. Halafu akaufunga.

Maana kila gauni alilijaribu kwenye mwili, na mwili ulikuwa wa Chiriku. Mchana mmoja, huko nyuma, alimsimamisha juu ya stuli amevaa nguo za kubana, akamzunguka na simu akimpiga picha themanini, za mbele, za nyuma, za chini ya kidevu. Chiriku alicheka na kuimba muda wote. Laptopu ikaziunganisha zile picha, akatokea Chiriku mwingine kwenye skrini, mabega yake yaleyale, hata kovu la pasi mkononi, na mdomo wazi kwa kicheko. Huyo ndiye aliyekuwa sanamu ya kupimishia. Utaratibu ulikuwa mmoja: ukimaliza gauni unautoa mwili, unatuma gauni tupu. Hakuna fundi anayempa mteja nguo na pini zake, sembuse na mtu ndani.

Aliingia chumba cha cherehani, akakaa, akafungua lile faili la kwanza, la gauni la bluu, kama lilivyotumwa. Lilichukua muda kufunguka. Muda mrefu kuliko wa gauni tupu.

Akaliondoa gauni kwenye skrini.

Mwili ulikuwepo.

Alikuwa amemsahau ndani.

Marehemu mama yao hakukubali nguo ilale kambani jua likishazama, wala hakumpa mtu nguo aliyoivaa bila kuifua. Wao walidhani ni ukali wa kawaida wa mama. Fundi alilikumbuka hilo ghafla, akaelewa mama alikuwa akiogopa nini.

Na kulikuwa na jambo lingine. Faili lile halikuguswa tangu litumwe. Lakini yule Chiriku wa kwenye skrini hakuwa anacheka tena. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Mdomo umefungwa, umefungwa kabisa, kama mfuko ulioshonwa.

Simu ikatetemeka mezani.

"Nguo ya mwisho. Nyeupe. Isiwe na mikono. Isiwe na tundu la kichwa. Kesho jioni."

Fundi hakuhitaji kuuliza ni nguo gani hiyo. Aliwahi kuikata moja, ya mama yake.

"Sishoni," aliandika.

"Mafundi wapo wengi. Mwili ninao."

Siku iliyofuata Chiriku hakutoka kitandani. Mchumba wake alileta daktari, daktari akapima, akaandika vipimo vingine, akasema mapafu ni mazima na koo ni zima, akaondoka akikuna kichwa. Fundi alimsikiliza kwa heshima. Alijua dawa yake haiko kwenye lile begi. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na hasira ya kujichukia, maana hakuna aliyeiba chochote. Mkono uliomtoa mdogo wake nje ya nyumba ulikuwa wake mwenyewe.

Mchana alimwandikia mteja kwamba anataka kumpima mwenye nguo kwanza. Alijibiwa papo hapo kwa anwani ya chumba kule kwenye mji wa mtandaoni. Jioni, kabla taa za barabarani hazijawaka, alifunga mlango wa chumba cha cherehani, akavaa hedifoni, akaingia.

Chumba kilikuwa kitupu. Kilikuwa na madirisha mawili, lakini nje ya madirisha hakukuwa na kitu, si giza wala mwanga. Katikati alisimama Chiriku. Gauni la bluu, mikono mirefu, kiuno kimebanwa, kola hadi masikioni. Kazi safi. Fundi alijionea mishono yake mwenyewe, akaichukia.

Halafu akasikia harufu.

Karafuu maiti...

Laptopu haina harufu. Alivuta pumzi tena, akihakikisha. Harufu ilikuwa palepale, nyuma ya shingo yake, na alijizuia kugeuka.

"Karibu, dada."

Sauti ilikuwa ya Chiriku. Ile iliyopotea Jumapili. Ilikuwa inanong'ona ndani ya masikio yake.

"Usiniite dada. Wewe ni nani?"

"Mteja."

"Umeupata wapi mwili huu?"

"Ulinipa wewe. Niliomba nguo, ukanipa na mwenye nguo. Wengine wote hunipa nguo tupu. Miaka mingi, nguo tupu. Nitajaza na nini?"

"Mrudishe."

"Nikimrudisha nitakaa wapi?"

Ng'ambo ya ukuta Chiriku wa kweli alikohoa, kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayechoka kukohoa.

"Nikupe mwingine?" Fundi alinong'ona.

"Wa nani?"

"Utauacha huu?"

"Sichagui sana. Nataka tu uwe mwili."

Fundi alifikiria kujitoa mwenyewe. Ni vizuri lisemwe wazi: alifikiria, na akaogopa. Alijiambia, nani atamuuguza Chiriku? Lakini haikuwa hiyo. Alitaka kuishi. Ndipo likamjia wazo ambalo lingeweza kumjia mshonaji tu. Mtu anayeshona miaka kumi na minne ana mamia ya miili kichwani. Angetunga mmoja. Angemdanganya mteja kwa mwili usio wa mtu yeyote.

Alianza kazi. Mwili usio na kasoro hauaminiki, fundi yeyote anajua, kwa hiyo akaweka kasoro. Bega la kulia akalishusha vidole viwili. Kiuno inchi thelathini na moja. Mguu wa kushoto mkubwa kidogo kuliko wa kulia. Mgongo ulioinama wa mtu aliyebeba watoto. Sura aliitoa hewani, uso mpana, kidoti kidevuni, macho ya mtu asiyeringa. Mikono ilijua yenyewe pa kwenda. Haikumpa shida hata kidogo, na baadaye aliukumbuka ule wepesi wake ukamnyima usingizi.

Akautuma.

Akangoja.

Hata harufu ilikuwa kama inangoja.

"Anapumua," sauti ikasema.

"Hapumui. Nimemtunga."

"Asante, fundi."

Palepale Chiriku wa kwenye skrini akaanguka, na lile gauni la bluu likabaki sakafuni, tupu, limejikunja. Chumba kikazimika. Fundi alivua hedifoni masikio yakimlia. Harufu ilikuwa imetoweka, chumba kinanuka mafuta ya cherehani kama siku zote.

Na kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango uliokosa mafuta:

"Dada? Uji upo?"

Fundi aliinamia cherehani akalia kwa furaha, akalia mpaka pua ikaziba.

Chiriku alipona kama mtu aliyekuwa akidanganya. Siku ya tatu alikuwa anagombana na mchumba wake kuhusu rangi ya mazulia ya nyumba ambayo bado hawana. Wiki ya pili sketi zilimbana, akasingizia zimerudi kwa kufuliwa. Aliimba akifua, aliimba akipika, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Fundi alifunga akaunti, akafuta mafaili yote, akarudi kwenye pindo na zipu za watu wanaobisha hodi. Hakumweleza Chiriku lolote. Mchumba aliuliza mara moja, "Yaliishaje, shemeji?" naye akamjibu kwamba alimkemea mtu akaacha. Kijana alimtazama kidogo, kisha akakubali, au alijifanya kukubali.

Lakini Fundi mwenyewe hakutulia. Simu ikitetemeka moyo unamruka. Alikuwa akijiuliza mteja anafanya nini na mwili wa mtu asiyekuwepo. Kisha anajikemea: asiyekuwepo hawezi kuumia. Alijiambia hivyo asubuhi na jioni.

Mwezi haukuisha.

Jioni moja alikuwa anakunja vitambaa ili afunge. Chiriku alikuwa jikoni, anaimba.

"Hodi humu."

"Karibu."

Mwanamke aliingia na mfuko wa nguo kifuani. Hakuwa mtu wa mtaa huu. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, kimoja kikachelewa kutoka, cha kushoto, kikimbana. Akaketi pale alipoonyeshwa na kupumua kama aliyepanda ngazi nyingi.

"Nimeelekezwa kwako, wanasema una mkono mzuri," alisema. "Nataka unipunguzie hizi. Zote zimeanza kunipwaya, sijui nini. Wanangu wananicheka, wanasema mama unayeyuka." Akatabasamu, uso mpana, na kidoti kikasogea kidevuni.

Fundi alimtazama mabega.

Bega la kulia lilikuwa chini ya la kushoto. Vidole viwili.

"Una watoto wangapi?" alijisikia akiuliza.

"Watatu. Mdogo bado ananyonya."

"Dada!" Chiriku aliita kutoka jikoni, sauti nzima, kubwa, iliyojaa nyumba. "Nani huyo?"

"Mteja," alijibu Fundi.

Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake, akaiacha hapohapo. Alivuta daftari la vipimo, akafungua ukurasa mpya, akainama ili yule mama asimwone macho. Aliandika mabega. Akaandika kifua. Kwenye kiuno aliandika thelathini na moja, akasita, akaikata, akaandika ishirini na nane.

"Fundi," mwanamke aliuliza taratibu, "mbona unaandika na hujanipima?"