Lodi Aliyeficha Macho Yake

Bwana Saeed wa mtaa wa Hamriya alistaafu ukarani mwaka 1997. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya kahawa, alikaa mezani kufasiri kwa Kiswahili kitabu cha maisha ya Lodi Harwick, bwana mkubwa wa Kiingereza wa karne iliyopita. Binti yake Hind, mwalimu, alipiga chapa kurasa zake.

Lodi alizaliwa katika jumba la vyumba sitini. Alirithi cheo, akaingia Bungeni, akawa waziri. Alipotimiza miaka hamsini, macho yakaanza kuziba pembeni. Akaficha. Akawa anahifadhi hotuba zake kichwani ili asijulikane kuwa hasomi. Siku moja alijikwaa kwenye kiti mbele ya wenzake, wakasema amelewa. Akaona afadhali aitwe mlevi kuliko kipofu.

"Mpumbavu mwenye cheo!" Saeed alicheka.

Nyani haoni kundule. Saeed mwenyewe alikuwa anamwaga kahawa nje ya kikombe. Sokoni Matrah aliwagonga watu, kisha akawagombeza wao. Kwa siri alikwenda Qurayyat kwa mganga kutiwa wasm, yaani kuchomwa panja kwa chuma cha moto. Aliambiwa kidonda kikipona macho yatafunguka. Akangoja mwaka mzima.

Siku moja Hind alipokea ukurasa ulioandikwa mistari juu ya mistari.

"Baba, mbona umeandika mara mbili pahala pamoja?"

Saeed akaipapasa karatasi. Kisha akasema, "Sioni, mwanangu. Nna mwaka sasa."

Hind alilia. Kesho yake akampeleka kliniki ya macho. Baada ya vipimo, nesi Rachael, Mkenya, alikaa nao kuwaeleza.

"Mzee, hii ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana watu wanachelewa. Inaua mshipa wa kuonea polepole."

"Na wasm?"

"Imechoma ngozi tu. Shida iko ndani ya jicho."

"Dawa itanirudishia macho yangu?"

"Hapana, mzee. Ile imeenda haitarudi. Haya matone yatalinda ile imebaki. Utatia kila siku, hata ukijisikia sawa."

"Ningekuja mwaka jana?"

Rachael hakumdanganya. "Ungekuwa bado unasoma."

Saeed akajifunika uso kwa kilemba chake akalia mbele za watu.

"Huu ugonjwa unatembea kwa damu ya familia," Rachael alisema baadaye. "Watoto wako wapimwe."

Hind alidhani anaona vizuri. Alipopimwa, presha ilikuwa juu, ila mshipa bado mzima. Akapewa matone yake.

Miaka mitano ikapita. Saeed alibakiwa na mwanga kidogo wa kutambua mlango. Hind hakupoteza kitu. Sasa yeye alisoma Kiingereza kwa sauti, na baba yake akafasiri kwa mdomo, kwa uchungu. Wakafika sura ya mwisho. Lodi alikufa kipofu bila kumwambia mtu. Mwanawe wa pekee naye akapofuka, hajui kwa nini.

Saeed akainua mkono. "Basi, simama hapo. Ushatia matone yako leo?"

"Bado, Baba. Tumalize ukurasa kwanza."

"Inuka ukatie. Huyo ameshakufa, atangoja."