Vidonge vya Kulinda Figo

Mume wangu ni fundi wa mageti. Asubuhi, chai haijachemka, utamsikia uani akisugua chuma kwa brashi ya waya, kwara kwara, mpaka majirani wanaguna. Binti yetu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Hata saratani ilipompata alipungua mwili, maneno hayakupungua.

Alianza kutibiwa kwa dawa za dripu. Daktari alituambia mapema kwamba dawa hizo hupambana na ugonjwa, lakini ni kali, zinaweza kuumiza figo. Basi mimi roho juu. Kila Chiriku akitoka chooni ananikuta mlangoni.

"Umepata mkojo?"

"Mama, nikuletee na wenyewe uuone?"

Siku moja baba yake alirudi na kopo la vidonge. Dukani walimwambia vinalinda figo, ini na moyo.

"Geti halipigwi rangi hivi hivi," alisema. "Kwanza unapaka rangi ya kuzuia kutu. Na mtoto tumkinge ndani kabla ya dawa kali."

"Hospitali tusiwaambie?"

"Watatugombeza bure, mama Chiriku. Ni vitamini tu."

Nilileta maji. Chiriku akameza, uso kaukunja.

Siku ya kliniki, nesi aliuliza kabla ya kufunga dripu: "Nyumbani unatumia kitu kingine? Dawa, mizizi, vitamini?"

Mume wangu akamkanyaga mtoto mguu.

"Baba, unaniumiza!" Chumba kizima kilisikia. "Dada nesi, napewa vidonge vya kuzuia kutu."

Mgonjwa wa kiti cha pili alicheka mpaka akashika mbavu. Nesi hakucheka. Aliomba kopo, bahati nzuri lilikuwa kwenye mkoba wangu. Akalisoma, akampelekea daktari, kisha akarudi kukaa nasi.

"Baba, wewe ni fundi. Geti lenye kutu ukilipaka rangi kabla ya kulisugua, inakuwaje?"

"Kutu inabaki chini, inakula chuma kimyakimya."

"Basi dawa ya dripu ndiyo brashi yako ya waya. Vidonge hivi kweli vinapunguza uharibifu mwilini. Lakini havichagui. Vikizidi, huenda vikalinda na ugonjwa wenyewe, dawa ikashindwa kuung'oa. Wataalamu bado wanavichunguza. Na vingine, ukimeza vingi, vinaumiza hizo hizo figo."

Mume wangu akainama. "Nilitaka kumlinda mwanangu, nesi."

"Najua, baba. Tutamlinda pamoja. Ndiyo maana tunapima damu kabla ya dripu, tunampa maji ya mshipani, na daktari anapanga kipimo cha dawa. Zipo dawa za kulinda viungo, ila daktari ndiye anajua ipi inafaa na lini."

"Na matunda, mboga?" niliuliza.

"Ale, mama, ila vioshwe vizuri. Nazungumzia vidonge na unga wa makopo. Anywe maji kama alivyoelekezwa. Mkojo ukipungua, homa ikija, au akitapika hata maji, mleteni saa hiyo hiyo. Msingoje siku ya kliniki."

Siku hiyo dripu haikufungwa. Daktari alitaka damu ipimwe upya na vidonge viachwe. Tulirudi nyumbani kungoja majibu. Nikipika, natia chumvi mara mbili, sijijui. Majibu yalipotoka, figo zilikuwa salama, matibabu yakaendelea.

Baba yake akageuka msimamizi wa maji. Anaacha kazi uani, anaingia na jagi, mikono myeusi.

"Kunywa, mwanangu."

"Baba, mimi si bomba!"

"Kunywa, bomba langu."

Sasa dripu zimekwisha. Daktari alisema uvimbe umenywea sana na figo zinafanya kazi vizuri. Nilimshika nesi mikono yote miwili. Nikasema tu, "Asante kwa kuuliza, mwanangu."

Naandika haya kwa mzazi mwenye hofu kama yangu. Hofu inakupeleka kwa muuzaji yeyote mwenye maneno matamu. Usimpe mgonjwa wako kitu, hata kiitwe vitamini, kabla ya kuwaonyesha wanaomtibu. Sisi tulipata wa kutuuliza. Wewe wasipokuuliza, sema.