Kompyuta ya Mwalimu Marieta

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kuzianika uani, Kudura alimfuata Shangazi Raya kwenye karakana yake ya kompyuta karibu na soko la Musoma. Alikuwa darasa la saba. Alifagia, kisha akachukua brashi laini na kutoa vumbi kwenye kompyuta zilizoletwa kutengenezwa. Akimaliza alivuta stuli, akakaa karibu na shangazi yake na kuanza maswali.

"Huyu akili yake haina kufuli," Raya alipenda kuwaambia wateja, huku akimvuta shavu.

Jumamosi hiyo mezani palikuwa na mazabodi mpya, yaani ule ubao mkuu ambao vifaa vyote vya kompyuta huchomekwa. Ilikuwa ya bei kubwa, lakini ndogo kama sahani ya chai. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Marieta, aliyefundisha watoto viziwi kule Bunda. Alitengeneza video za masomo kwa lugha ya alama, na siku nyingine alizipeleka Butiama kwa watoto ambao hawajapata shule. Ndiyo maana alitaka kompyuta yenye nguvu, lakini inayoingia kwenye begi la mgongoni.

Kudura naye alikuwa na hamu na kompyuta hiyo. Mdogo wake, Mussa, alikuwa kiziwi, na alisoma bweni kwa Mwalimu Marieta. Siku ya kufunga shule, wazazi wangeonyeshwa video za watoto wao wakisimulia hadithi kwa mikono. Mama yao angekuja kutoka Kibara.

"Shangazi, mbona hii ina nafasi mbili tu za memori? Ile pale ina nne."

"Ni ndogo, mwanangu. Zaidi ya mbili zingekaa wapi? Kwa hiyo lazima tuchague vizuri."

Kudura alichukua kijiti cha memori, kinachobeba kila kitu kinachopita kwenye kompyuta, kutoka kompyuta ya zamani, akajaribu kukichomeka. Hakikuingia.

"Usilazimishe," Raya alisema. "Angalia pengo lake, halikutani na kile kinundu cha kwenye nafasi. Hicho ni cha kizazi cha zamani. Ukikisukuma utavunja vyote viwili."

Vijiti vipya viliingia bila shida. Kudura alidhani kazi imekwisha.

"Bado. Kuingia siyo kuelewana," Raya alisema. "Watu wanaishigi nyumba moja na hawaelewani. Boksi la memori linatangaza mwendo mkubwa, ila mtengenezaji wa mazabodi hatoi ahadi kwamba vijiti viwili vitauweza kwa pamoja. Tupime."

Aliiweka memori kwenye mwendo ule mkubwa, akawasha programu ya kupimia. Programu ile iliandika tarakimu kwenye memori, kisha ikazisoma tena. Ikikuta tofauti, ingeonyesha mstari mwekundu. Kazi hiyo ilihitaji raundi kadhaa.

Adhana ya adhuhuri iliposikika, Raya alijifunga mtandio. "Naenda kuswali. Iangalie kama maziwa yaliyo jikoni. Ukiona chochote, uniambie."

Raundi ya kwanza ilipita salama. Katika ya pili, mstari mwekundu ukatokea. Mmoja tu.

Kudura alijua maana yake: kompyuta isingekwenda Bunda kesho. Pengine vingehitajika vijiti vingine kutoka mbali, na siku ya kufunga shule ingefika Mussa hajarekodiwa. Alitazama mlangoni. Kisha alibonyeza, kipimo kikaanza upya. Safari hii raundi ya kwanza ilipita, na Raya aliporudi kioo kilikuwa safi.

"Vipi, imeonyesha kosa?"

"Hakuna mstari mwekundu," Kudura alijibu. Kwa wakati ule kweli haukuwapo. Hata hivyo, hakuweza kumtazama shangazi yake machoni.

Raya alimwamini. Raundi zilizobaki zilipita bila kosa, akafunga kompyuta, na Jumapili asubuhi wakaenda nayo Bunda.

Mussa aliwaona kutoka mbali, akaja mbio. Aligusa shavu lake kwa kidole, mahali ambapo Kudura ana kishimo, alama aliyomtungia dada yake kuwa jina, kisha akamkumbatia kiunoni.

Mwalimu Marieta hakuchelewa. Alimsimamisha Mussa mbele ya ukuta, akawasha kamera. Mussa alisimulia kwa mikono jinsi kiboko alivyoingia kwenye shamba la mihogo usiku, watu wote wamelala. Hakuna aliyemsikia. Lakini Mussa, aliyelala kwenye mkeka, aliihisi ardhi ikitikisika chini ya mgongo wake, akamwamsha mama, na mama akaamsha kijiji. Alipomaliza, wenzake waliinua mikono juu wakaipungapunga, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Mussa alijificha uso kwa aibu na furaha.

Mwalimu alihamishia video kwenye kompyuta mpya. Kisha aliishika kadi ya kamera.

"Hii imejaa. Ngoja niifute, mwenzake Robi naye arekodiwe."

Kudura aliona mikono ya Mussa ikiwa bado inacheza hewani, inarudia kile kipande cha kiboko.

"Mwalimu, subiri kwanza. Usifute."

Watu wakamgeukia. Aliinamisha kichwa.

"Jana ulitokea mstari mwekundu, Shangazi. Ulikuwa mmoja. Niliogopa kompyuta itachelewa, nikaanza kipimo upya. Nikakwambia haupo."

Raya hakumgombeza. Alivuta kiti karibu na kompyuta, akasema kwa upole, "Tuifungue video tuione."

Ilianza vizuri. Mussa alipoinama kuonyesha ardhi inavyotikisika, picha ilikatika ikawa miraba ya kijani, kisha ikaganda. Mussa aliitazama mikono yake iliyokwama kwenye kioo, akamgeukia dada yake kwa uso wa kuuliza. Kudura alilia.

"Nyamaza, mama," Mwalimu Marieta alisema. "Kadi hii hapa. Sijaifuta."

Raya alipunguza mwendo wa memori, akaanza kipimo upya. Kudura aliomba akae yeye. Watoto walikwenda kula, wakarudi, naye hakuondoka. Raundi zote zilipita bila mstari. Walihamisha video tena, wakaitazama mwanzo hadi mwisho, na kiboko akafukuzwa shambani.

"Je, itakuwa nzito kufanya kazi sasa?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Ukimalizia video utasubiri kidogo zaidi, basi. Vijiti vyenyewe ni vizima. Ule mwendo wa kwenye boksi ndio ulikuwa mkubwa mno kwa viwili kwenye mazabodi hii."

Siku ya kufunga shule, mama yao aliketi mstari wa mbele. Mussa alipoonekana kwenye video iliyorushwa ukutani akimwamsha mama, mama huyo alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu aliinua mikono yake yote miwili juu, akaipungapunga.

Nje, Raya alimshika Kudura bega.

"Memori ilikosea, na kosa hilo lilirekebishika kwa muda mfupi. Lako lilikuwa kulificha. Fundi anaweza kukosea, hata mimi nakoseaga. Lakini asiposema alichokiona, watu watategemea kitu kibovu wakidhani ni kizima, na watakaoumia ni haohao anaowapenda. Ukweli unaweza kutuchelewesha, mwanangu, lakini hautupotezei kitu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nilikusamehe palepale uliposema 'usifute'. Uliogopa, ila ulisema." Raya alimvuta karibu. "Jumamosi kuna kompyuta nyingine ya kupimwa. Nitakuachia wewe, na ukiniambia iko salama, nitaifunga."