Makapi Ndani ya Gunia la Mbaazi

Jumatatu, tarehe 21 Septemba 1998, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nzilani, mpishi wa shule, alichota mbaazi katika gunia la pili, na bakuli likatoka na makapi ya mahindi. Mbaazi zilikuwa za juu tu, kina cha kiganja. Chini yake makapi matupu. Gunia la tatu vilevile. Kufuli ya stoo haikuwa na hata mkwaruzo.

Mbaazi hizo wazazi wa huku Kithimani walizitoa mashambani mwao, ili watoto mia mbili wale muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na mbaazi, shuleni badala ya kukimbilia nyumbani mchana. Mwalimu mkuu, Bartholomew, alitazama, akasema mwizi asipojulikana kufikia Jumatano, chakula kitasimama na mpishi aende zake, maana ufunguo ni wake. Nzilani hakuwa na mume, mtoto wala ndugu wa kumsemea. Alikuwa na lile jiko tu.

Alianza na Mahmud, mwenye duka aliyesomba magunia kwa pikapu yake.

"Nimewabebea bure, dada, na leo nimegeuka panya?"

Akamkumbusha kwamba magunia yalimwagwa na kushonwa upya shuleni, mbele ya kamati. Kweli. Nzilani mwenyewe ndiye aliyeyashona.

Saa nne alimwendea Laban, mlinzi wa lango, ambaye watu walishaanza kunong'ona juu yake kwa sababu ya pombe. Laban aliapa kwamba hupekua kila gunia na kila mkoba. Wiki tatu tangu magunia yaletwe, hakikutoka kitu, ila Munyiva na kiondo chake cha makapi ya kuku, kila siku kama kawaida. Hicho nani angekipekua?

Munyiva alikuwa mjane mzee aliyetwanga mahindi ya shule, na kwa desturi anayetwanga huondoka na makapi. Nzilani alirudi stoo, akayasugua vidoleni. Yalikuwa mapana, ya kinu, si ya mashine. Ikiwa makapi ya wiki tatu yako hapa, alijiuliza, kiondo kilibeba nini?

Saa nane, watoto walipokwisha kula, alikuwa mlangoni kwa Munyiva. Mbaazi zilikuwa mle ndani, zimejaa mitungi minne. Mezani palikuwa na sahani mbili, moja imefunikwa.

"Ukienda kupakulia watoto, stoo unaiacha wazi, na sindano ya magunia imo humo humo," Munyiva alisema, bila kuulizwa.

"Hukuuza, mwaitu, mama yangu. Hukula. Ulizitakia nini?"

"Kalunde, mjukuu wangu, alikuwa anakuja saa saba. Tunakula, ananiambia mambo ya darasa. Mkaleta chakula chenu. Sasa anaingia jioni ameshiba, analala. Nikasema mbaazi zikiisha, mtoto atarudi."

"Na mimi nifukuzwe."

"Hapo sikufika, mwanangu. Mimi nilikuwa naona hii sahani."

Nje kuku waliparua, wakatulia.

"Utamwambia mwalimu?"

"Leo hii."

"Ni haki yako. Lakini kaa ule kwanza. Chakula cha mtu mmoja sijawahi kujua kukipima."

Akafunua sahani. Nzilani alikaa. Yeye aliyepakulia watu mia mbili kila siku hakukumbuka ni lini mtu alimpakulia yeye. Walikula hadi mwisho. Kisha kila mmoja akajitwika mtungi, wakashika njia ya shule, Munyiva akitangulia.