Kitambaa Cheusi cha Shule

Jirani wa kina Chiriku, fundi cherehani, aliapa kwamba mvua ilinyesha juu ya uwanja wa shule peke yake, katikati ya kiangazi, ikaosha kile kitambaa cheusi kisha ikaenda zake. Wateja wake wakacheka, wakasema mvua hiyo inajua njia. Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema, hakucheka wala hakusema. Aliinamia viazi alivyokuwa akimenya.

Wanafunzi walikuwa wamekitundika kitambaa hicho uwanjani kishike vumbi la tanuri la chokaa, kikawa cheupe kama unga. Mbunge alikuwa anakuja kusikiliza maoni juu ya muswada wake: ukipita, serikali haitaweza tena kuvibana viwanda vipunguze vumbi. Mwalimu alitaka mbunge ajionee wanachovuta watoto.

Lakini baba yake Chiriku alikuwa mchoma chokaa, na binti alikuwa amemsikia akimwambia mama kwamba viwanda vikibanwa, tajiri wake atafunga tanuri. Basi asubuhi ya ziara Chiriku aliwahi shuleni kabla ya wenzake, akakianua kitambaa, akakisugua bombani, akakirudisha juani.

Mbunge alipofika shuleni alikitazama, akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, vumbi lenyewe liko wapi? Au mmelivuta lote?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akaomba radhi kwa kosa lisilo lake, na Chiriku, aliyekuwa mstari wa mbele, akaiona kola ya mwalimu ikilowa jasho.

Sasa mdogo wake alikuwa anakohoa chumbani, mama akimsugua mgongo. Viazi vikamshinda. Baba aliporudi kutoka kazini, Chiriku akamweleza yote, bila kumtazama usoni.

Baba alijipangusa chokaa kwenye nyusi. "Mwanangu, kazi yangu nitaipigania kwa mdomo wangu mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Umetaka kunisitiri mimi, ukamwanika mwalimu wako. Heshima aliyovuliwa mbele ya watu, atavishwa mbele ya watu. Vaa viatu."

Ukumbini, kwenye mkutano wa kutoa maoni jioni hiyo, mbunge alikuwa anakaribia kufunga mkutano. Chiriku alisimama, sauti ikagoma. Nyuma mtu akanong'ona kwamba leo chiriku kameza mfupa. Uso ulimwaka moto.

"Aliyekifua ni mimi," akasema mwishowe. "Mwalimu hakudanganya."

Mwalimu akamjia, akamshika bega.

"Mheshimiwa, naomba tukitundike tena. Usiupeleke muswada bungeni mpaka urudi ukione," Chiriku akaendelea.

Mbunge alimtazama msaidizi wake, kisha akatazama muswada uliokuwa mezani. Ukumbi mzima ukasubiri jibu lake.