Namba ya Marehemu

Simu ya fundi iliita saa nne asubuhi, likatokea jina la mkewe. Lakini mkewe alikuwa mbele yake akikatakata vitunguu, simu yake imezimwa juu ya kabati. Fundi akapokea. Hakusikia neno, ila kisu kikigonga ubao, pigo kwa pigo sawasawa na mkono ule aliokuwa akiutazama.

Akaingiwa na baridi, maana mchezo huo ulikuwa kazi yake mwenyewe. Nyuma ya duka lake la kutengeneza simu alikuwa na kompyuta yenye programu ya kupiga kwa namba yoyote: ya benki, ya bosi, ya mama wa mtu. Wiki mbili zilizopita alikuja mwanamume aliyetaka kumtoa mjane wa kaka yake kwenye nyumba aliyoachiwa. Siku sita fundi alimpigia mjane kwa namba ya marehemu, akimhemea tu sikioni, huku shemeji mtu akijiziba mdomo kwa kicheko. Siku ya saba mjane hakulia.

"Wewe si mume wangu," alisema taratibu. "Kama kuna kinachotusikia na kinatafuta mtu wa kumvaa, kimvae huyu anayehema."

Tangu hapo duka likanuka udongo mbichi wa kaburi. Fundi akaing'oa kompyuta kwenye umeme, lakini simu zikaendelea kutoka kwa namba yake na kwa sauti yake, zikiwatukana wateja, zikiwafichulia majirani siri za vyumbani mwao, zikimwambia mama yake mzazi maneno ambayo mama alikataa kuyarudia, hata akamwambia mwanawe asikanyage tena kwake.

Mkewe akampeleka kwa mganga, pamoja na ile kompyuta. Mzee yule aliigusa kompyuta, akautoa mkono upesi kama aliyeungua.

"Humu hakimo tena," alinong'ona. "Kimehamia kwenye jina lako. Kamwombe yule mjane radhi leo hii, kabla hakijakuwahi."

Fundi alikwenda mbio. Mjane akamsikiliza mlangoni, akamtazama kwa mshangao.

"Mbona nimeshakusamehe? Umenipigia asubuhi, ukalia mpaka nikakuhurumia. Ukaniomba nikuruhusu urudi nyumbani kwako kwa amani. Nikakuruhusu."

Fundi akageuka mbio. Alipofika barabarani alimpigia mkewe, akiomba moyoni apokee, apokee upesi, atoke ndani ya nyumba ile hata bila viatu. Mkewe akapokea.

"Nani mwenzangu? Namba hii siijui."

"Ni mimi, mume wako. Toka nje. Toka sasa hivi."

Mkewe akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kumkera aliye karibu naye.

"Kaka, umekosea namba. Mume wangu amerudi zamani, yuko hapa amenilalia mapajani."

Na fundi akasikia sauti yake mwenyewe, nzito ya usingizi, ikiuliza ni nani huyo.

"Simjui," mkewe akajibu, akakata.